Haidrokwinoni na mabaka ya uso: tiba yenye kikomo

Leo tunayatazama mabaka ya rangi ya kahawia yanayowatokea wanawake wengi mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, hususan wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya kupanga uzazi. Kitaalamu hali hii huitwa melasma. Haiwashi, haiumi wala haiambukizi. Hata hivyo humkosesha mtu raha kila anapojitazama kwenye kioo, na hapo ndipo anapoanza kutafuta dawa.

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na chembe maalumu za ngozi. Homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni, zinapoongezeka mwilini, chembe hizo huchochewa kwa urahisi zaidi, na mwanga wa jua unapozifikia huzalisha rangi kupita kiasi. Kwa baadhi ya akina mama mabaka hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa wengine hubakia kwa miaka. Urithi nao una nafasi yake, na wanaume wachache pia hupatwa.

Dawa ambayo madaktari wa ngozi wameitumia kwa muda mrefu ni haidrokwinoni. Haikwangui ngozi, kama wengi wanavyodhani. Hukizuia kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, ambacho bila hicho melanini haiwezi kutengenezwa. Rangi mpya hupungua, na ile ya zamani huondoka polepole kadiri ngozi ya juu inavyojibadilisha. Kwa hiyo nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa. Asiye na subira huongeza kipimo, na matatizo huanzia hapo.

Mwaka 1975, nchini Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni ya asilimia 5, tretinoini na dawa ya jamii ya steroidi. Mpaka leo mchanganyiko wa aina hiyo, ukiwa umepunguzwa makali, hutumika kutibu melasma. Mwaka huohuo wa 1975, daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza habari za wanawake waliotumia krimu za kujichubua, ambao ngozi zao ziligeuka kuwa nyeusi zaidi. Hali hiyo huitwa okronosisi: weusi wenye kuelekea buluu, pamoja na vipele vidogo vidogo, hasa mashavuni. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hudhani mabaka yale ya awali yamerudi, akazidi kujipaka. Kuitibu ni kazi ngumu mno.

Dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni kipimo, muda na usimamizi. Daktari kwa kawaida huandika haidrokwinoni ya asilimia 4 au karibu na hapo, ipakwe juu ya mabaka tu, kwa miezi michache, kisha ngozi ipumzishwe. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Nchini Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari, na nchini Marekani ile ya asilimia 2 iliyokuwa ikiuzwa bila cheti ilikomeshwa na sheria ya mwaka 2020. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimeikataza katika vipodozi.

Pamoja na sheria zote hizo, makopo yanaendelea kusafiri. Yamo mizigoni mwa wanaotoka likizo, na kusini mwa London wenye maduka wamefikishwa mahakamani kwa kuyauza. Mkorogo usio na lebo ni hatari zaidi, kwa kuwa huweza kuchanganywa na steroidi kali, ambayo hukondesha ngozi, au zebaki, ambayo hudhuru figo.

Mjamzito hashauriwi kutumia haidrokwinoni, kwa kuwa sehemu yake kubwa hupenya ngozi na kuingia mwilini. Tretinoini nayo aiepuke. Kwake madaktari hupendelea asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, kitu ambacho kwa asili kimo katika nafaka kama ngano na shayiri. Huweza kuchoma kidogo siku za mwanzo.

Hakuna dawa kati ya hizi itakayofaulu bila kinga ya jua. Kwa anayeishi Maskati jambo hilo halihitaji maelezo, ingawa buibui na ushungi huuacha uso wazi. Aliyeko Uingereza naye asidanganywe na mawingu. Mwanga unaochochea rangi hupenya hata kioo cha dirisha. Ngozi nyeusi huathiriwa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao krimu nyingi za kukinga jua hazizuii vya kutosha. Inayofaa ni ile iliyotiwa rangi ya ngozi kwa oksidi ya chuma, na ipakwe upya mchana.

Anayetumia vidonge vya uzazi amuulize daktari kama kuna njia nyingine inayomfaa. Na anayeona weusi ukizidi huku akiendelea kujipaka, aache mara moja, amwone daktari wa ngozi, na aende na kopo lenyewe, hata kama halina lebo.