Je, Wajua? Mkutano wa Kamachumu na Watu Waliouandaa

Ukipanda kwenda Kamachumu, wilayani Muleba, barabara inapita katikati ya vibanja. Migomba inatoa kivuli, mibuni imesimama chini yake, na nyumba ya mwenye shamba iko humo humo ndani. Mgeni huona utulivu tu. Lakini ardhi hii ilizaa watu waliowaita wenzao mkutanoni wakati kuitisha mkutano kulikuwa na bei yake. Tuwakumbuke kwa mambo haya machache.

Je, wajua kwamba polisi walitumia mabomu ya machozi Kamachumu kabla TANU haijazaliwa?
Mwaka 1953 watu walikusanyika Kamachumu kumsikiliza Ali Migeyo, mfanyabiashara wa kahawa na mwanaharakati wa Tanganyika African Association. Polisi waliutawanya mkutano huo kwa mabomu ya machozi, na Migeyo akaishia jela. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo chama kilipofika Bukoba, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Kamachumu, kilikuta watu ambao macho yao yalikuwa yamekwisha kuwashwa na moshi huo, na hawakuhitaji kufundishwa ukoloni ni nini.

Je, wajua kwamba chanzo cha mgogoro uliowaleta watu kwenye mkutano ule kilikuwa mdudu?
Anaitwa fukuzi wa migomba. Mabuu yake hutoboa shina kwa chini, yakachimba vijia ndani kwa ndani, mpaka siku moja upepo mdogo unaangusha mgomba wenye mkungu wake. Serikali iliweka masharti ya lazima ya kupambana naye, yakiwemo kung'oa migomba iliyoshambuliwa. Kitaalamu jambo hilo lilikuwa na maana. Lakini kwa Mhaya, mwenyeji wa Bukoba, kibanja ni zaidi ya shamba. Ndipo alipozaliwa, ndipo anapokula, na ndipo wazee wake walipozikwa. Mtu anapoingia humo na amri mkononi, bila kupiga hodi, amegusa nyumba na makaburi kwa pamoja. Migeyo alilielewa hilo, na ndiyo maana watu walimsikiliza.

Je, wajua kwamba ghasia za 1953 hazikuwa za kwanza?
Mwaka 1937 Bukoba ilichafuka kwa sababu ya kanuni za kilimo cha kahawa. Wakulima walikuwa wakiitunza mibuni yao kwa maarifa ya vizazi. Ghafla wakaambiwa namna ya kuihudumia, na adhabu ikawekwa kwa asiyetii. Kanuni hizo zilipitia mikononi mwa watawala wa jadi, kwa kuwa Waingereza walitawala kwa kupitia wao. Hivyo aliyepinga kanuni alionekana anampinga mkama wake, yaani mtawala wake wa jadi, na serikali kwa wakati mmoja. Kusema hapana katika hali hiyo kulihitaji moyo.

Je, wajua kwamba Wahaya walikuwa na umoja wao tangu 1924?
Uliitwa Bukoba Bahaya Union. Miongoni mwa majina yanayotajwa katika kuanzishwa kwake ni Klemens Kiiza, Suedi Kagasheki na Herbert Rugizibwa. Mkristo na Mwislamu walikaa meza moja, wakazungumzia maendeleo ya nchi yao. Linganisha na vyama vya wafanyakazi: shirikisho lao, Tanganyika Federation of Labour, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Kufikia hapo Bukoba ilikuwa na uzoefu wa miaka 31 wa kukusanya watu, kuandika madai na kuyapeleka kwa wakubwa.

Je, wajua nyarubanja ilikuwa nini?
Ni mfumo wa ardhi ambamo bwana alimiliki eneo, na familia zilizolima ndani yake zikawa wapangaji wake. Mtu aliweza kupanda mibuni kwa jasho lake, akaitunza miaka na miaka, na bado akadaiwa na bwana. Wanaharakati wa Bukoba waliulalamikia mfumo huo tangu enzi za Waingereza. Sheria ya kuwakomboa wapangaji hao ilitungwa mwaka 1965, Tanganyika ikiwa imepata uhuru miaka minne kabla.

Je, wajua kwamba vita kubwa ya mkulima ilikuwa kwenye mizani?
Kahawa ikishaanikwa na kukauka, mkulima huibeba mpaka kwa mnunuzi. Hapo ndipo msimu mzima unapopimwa. Mshale wa mizani ukisogea kidogo, ada ya shule inapungua. Katika miaka ya 1930 Kiiza alianzisha Native Growers Association ili wakulima wauze wenyewe kahawa yao, lakini serikali haikumuunga mkono na chama hicho hakikudumu. Mwaka 1950 kikaja chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, ambacho kilipata kuongozwa na George Kahama, baadaye waziri katika serikali ya Nyerere. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Leo Bukoba na Muleba wanajua jina la KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera.
Na adui wa zamani bado yupo. Anaitwa butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya dawa au ya sare. Msimu ukifika anavuna mali ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe.

Je, wajua kwamba kahawa ilifunga udugu kabla haijawa zao la biashara?
Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizobanana. Katika omukago, udugu wa kuchanjana, watu wawili waligawana punje hizo. Kila mmoja alipaka ya kwake damu, na mwenzake akaimeza. Tangu siku hiyo shida ya mmoja ikawa ya wote wawili. Hata leo mgeni nyumbani kwa Mhaya anaweza kukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Nchi yenye desturi ya namna hiyo haikuwa ngeni kwa neno umoja.

Je, wajua kwamba baadhi ya historia hii imeandikwa?
Mwaka 1966 Edward Barongo, mwanaharakati wa TANU, alitoa kitabu cha Kiswahili, *Mkiki Mkiki wa Siasa Tanganyika*. Mwaka 1969 G. R. Mutahaba akachapisha maisha ya Ali Migeyo katika kitabu chembamba cha Kiingereza, miaka 16 tu baada ya moshi wa Kamachumu. Huo ni mfano mzuri: mtu wa kijijini aliandikiwa habari zake ilhali waliomwona wangali hai.

Lakini mkutano hauandaliwi na mtu mmoja. Kuna aliyezunguka nyumba kwa nyumba kutaja siku na saa. Kuna aliyepokea wageni wa mbali na kuwapikia ndizi. Kuna aliyeandika barua ya madai kwa sababu ndiye aliyejua kuandika. Wengi wao majina yao yamebaki vinywani mwa wazee tu. Ukimkuta mzee wa Kamachumu, Rubya au Kanyigo, msalimu, kaa chini, kisha muulize swali ambalo vitabu havijalijibu: mume alipopelekwa jela kwa ajili ya haki yetu, kahawa ya msimu ule nani aliivuna?