Kabla ya Januari: Mtoto aanze na Kiingereza gani kidato cha kwanza?

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo wazazi wa Tabora, kama wenzao kwingine nchini, huulizana wapi pana masomo ya "pre-form one" na ada yake ni kiasi gani. Hofu yao ina msingi. Mtoto aliyesoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili miaka saba anakwenda kuyakuta masomo hayo kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa kijijini Uyui au Sikonge aliyeanza na Kinyamwezi nyumbani, hiyo ni lugha ya tatu.

Tatizo ni kwamba pesa nyingi huishia kwenye kukariri majina ya nyakati. Mtoto anarudi anaweza kutaja "present perfect", lakini hawezi kusema treni imefika. Aanzie hapo kwenye treni, maana Tabora ni njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza na kila mtoto anajua habari zake. Treni imefika: "The train has arrived." Treni ilifika jana: "The train arrived yesterday." Kiswahili tayari kina tofauti hiyo, -me- na -li-, kwa hiyo mtoto hajifunzi jambo geni. Anachotakiwa kuacha ni kuchanganya "has arrived" na "yesterday".

Kosa lingine sugu ni "The teacher he is coming." Chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe: mwalimu *a*nakuja. Mtoto anaibeba ile a- na kuigeuza "he", wakati Kiingereza kikishamtaja mwalimu hakimrudii. Halafu anakuja kusema "My mother he is cooking", kwa sababu yeye wa Kiswahili hana jinsia, na wa Kinyamwezi pia hana. Hilo halirekebishwi kwa siku moja. Mwambie asimulie habari za shangazi na mjomba kila jioni, dakika tano tu, mpaka "she" na "he" zikae mahali pake.

Lakini kinachowaangusha wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno ya maswali. "Mention four" inataka vitu vinne vitajwe, basi. "Explain" inataka maelezo. "Define" inataka maana, na "differentiate" inataka tofauti. Mtoto anaweza kuwa anaijua mada vizuri akapoteza alama kwa kutaja pale alipotakiwa kueleza. Tena yapo maneno yanayobadilika kila kipindi. "Power" kwenye Historia ni mamlaka, kwenye Hisabati ni kipeo, na mwalimu wa Fizikia ana maana yake nyingine. "Root" ni mzizi wa mmea, kisha ni kipeuo. "Solution" ni jibu la swali, kisha ni chumvi iliyoyeyuka kwenye maji.

Maneno ya namna hiyo hushika yakitumika kazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walijifunza Kiswahili njiani kati ya Tabora na Bagamoyo bila daftari, kwa sababu mzigo, maji na posho vilihitaji kutajwa. Na Waingereza nao walichukua: Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, ni miongoni mwa wa kwanza kuliingiza neno safari kwenye maandishi ya Kiingereza.

Wala kuanza kwa kuchelewa si mwisho wa mambo. Nyerere alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Kizanaki ndiyo lugha ya nyumbani. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali hapa Tabora, na mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare.

Mzazi usiyejua Kiingereza, kazi yako ipo. Azima kitabu cha kidato cha kwanza kwa jirani. Mtoto asome swali moja kwa Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili swali linataka nini. Jibu liache kwanza. Akibabaika, utamjua hata kama hujui neno hata moja, na hapo ndipo mfungue kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI. Maswali matatu kwa jioni yanatosha.