Somo la Radio: Bibi Kada Yukiko na Maji ya Ziwa Biwa

Fungueni daftari zenu mwandike majina mawili: Shiga na Biwa. Shiga ni jimbo moja la nchi ya Japani. Biwa ni ziwa lililo katikati ya jimbo hilo, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Japani. Eneo lake ni kilometa za mraba 670. Ziwa Viktoria letu lalizidi mara mia moja! Hata hivyo watu wapata milioni 14 hutegemea maji ya Biwa, wakiwamo wenyeji wa miji mikubwa ya Kyoto na Osaka.

Leo nitawaeleza habari za mwanamke ambaye maji hayo yalimwingiza katika siasa. Ni Bibi Kada Yukiko. Alizaliwa mwaka 1950 katika nyumba ya wakulima. Miaka minne kabla yake, mwezi wa Aprili 1946, wanawake wa Japani walikuwa wamepiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza, na wanawake 39 wakachaguliwa. Alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Kyoto alikuja Tanzania, akakaa nusu mwaka. Huku ndiko alikotambua jinsi maisha ya watu yalivyofungamana na maji. Nadhani mama yeyote aliyepata kujitwika debe la maji hana haja ya kufundishwa hilo.

Sasa sikilizeni habari ya sabuni. Mwaka 1977 maji ya Ziwa Biwa yaligeuka rangi yakawa mekundu, yakanuka. Sababu moja ilikuwa sabuni mpya za viwandani. Zilikuwa na dawa iitwayo fosifati, na dawa hiyo ni mbolea kwa vijimea vidogo vya majini. Maji ya kufulia yakatiririka ziwani, vijimea vikazidi. Akina mama wa Shiga hawakungoja Serikali. Waliacha sabuni hizo wakarudia sabuni ya unga ya zamani, wakashawishi na majirani. Mwaka 1979 baraza la jimbo likapitisha sheria ya kukataza kuuzwa kwa sabuni zenye fosifati.

Baada ya hayo Bibi Kada akaajiriwa na jimbo kuchunguza habari za ziwa. Alizunguka vijijini akiwauliza wazee: kabla ya mabomba mlichota wapi? Mlifua wapi? Wenyeji walihesabu hata vimulimuli kando ya mito yao, kwa kuwa mto ukichafuka vimulimuli hupungua. Ninawaomba mwangalie jambo hili sana, maana miaka hiyo ya kutembea ndiyo iliyompatia kura baadaye.

Mwaka 2006 aligombea ugavana. Gavana aliyekuwapo aliungwa mkono na chama kilichotawala na hata na chama kikubwa cha upinzani. Jambo kubwa lilikuwa stesheni mpya ya treni ya mwendo wa kasi katika mji wa Ritto. Gharama yake ilikuwa yapata yen milioni 24,000, na jimbo pamoja na miji ya hapo ndio wa kulipa. Bibi Kada alisema neno moja, “mottainai”. Maana yake: ni hasara kuharibu kitu chenye thamani. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya alilisikia neno hili Japani mwaka 2005, akalipenda, akalieneza duniani. Watu wa Shiga walilielewa mara moja. Walimchagua Bibi Kada, akawa mwanamke wa tano kuwa gavana katika Japani yote. Kazi ya stesheni ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka uliofuata ilifutwa kabisa. Mwaka 2010 akachaguliwa tena.

Lakini siasa za taifa zilimwendea vingine. Baada ya ajali ya mitambo ya umeme wa nyuklia ya Fukushima, mwaka 2011, alitaka Japani iache umeme wa namna hiyo. Mwezi wa Novemba 2012 aliunda chama chake. Wabunge zaidi ya 60 wakajiunga, wengi wao kutoka vyama vingine na wenye wakubwa wao wenyewe. Uchaguzi ulifanyika kabla ya majuma matatu kwisha. Walirudi Bungeni watu 9 tu! Chama kikavunjika, na baraza la jimbo lake likamlaumu kwa kushika kazi mbili. Kwa maoni yangu shabaha yake haikuwa mbaya. Ila chama hiki hakikupata hata mwezi mmoja wa kuzunguka vijijini.

Alirudi kwenye kazi ya jimbo. Mwaka 2014, kabla hajaondoka katika ugavana, Shiga ilipitisha sheria ya mafuriko: mahali panapoweza kufunikwa na maji mengi sana, mtu hawezi kujenga nyumba ya kukaa ila kwa masharti. Mwaka 2017 aligombea Bunge akashindwa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 69, watu wa Shiga walimpeleka katika Baraza la Juu la Bunge.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni darasani: stesheni ya Ritto ingeleta biashara na kazi. Kama ungalikuwa mwenyeji wa Shiga mwaka 2006, ungalimpigia nani kura, na kwa sababu gani? Andikeni jibu kwa sentensi tano.