Bei ya Kumtimua Kocha Hupangwa Siku ya Kusaini

Novemba 12, 2023, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimtimua Jimbo Fisher, kocha mkuu wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, kikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa mtu ambaye hatafundisha tena hapo. Fisher hakuwa kocha wa kutia aibu. Katika misimu yake sita alishinda michezo 45 na kupoteza 25. Kilichomponza ni kwamba chuo kilimlipa kama bingwa, na ubingwa haukuja. Waliolaumu uamuzi ule walisema uongozi ulikosa subira, na waliousifu walisema ulichelewa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa zikijadili siku isiyo sahihi. Fisher alipoajiriwa Desemba 2017 alipewa miaka 10 na dola milioni 75, zote za uhakika. Mwaka 2021, baada ya msimu mmoja mzuri, mkataba ukasogezwa hadi 2031 kwa takriban dola milioni 9 kwa mwaka, tena bila kifungu cha kupunguza deni endapo angepata kibarua kwingine. Hasara iliingia siku hizo mbili, wakati watu wakipeana mikono na kupiga picha.

Kifungu hicho kimoja kina uzito ambao mashabiki wachache huufikiria. Penn State ilipoachana na kocha wake James Franklin Oktoba 2025, ilikuwa inadaiwa karibu dola milioni 49. Lakini mkataba wake ulimtaka atafute kazi nyingine, na mshahara mpya ukatwe kwenye fidia. Mwezi uliofuata Virginia Tech ikamwajiri, na deni likashuka hadi kiasi cha dola milioni 9. Ni kazi ileile na soko lilelile, lakini maneno ya mkataba ni tofauti. Na pale mkataba unapojaribu kumlinda mwajiri, hasira inaweza kuubomoa ulinzi wenyewe: Septemba 11, 2022, Nebraska ilimfukuza kocha Scott Frost siku moja baada ya kufungwa nyumbani 45-42 na Georgia Southern, ilhali Oktoba 1 fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Zilikuwa zimebaki siku 20 tu. Frost alikuwa ameshinda michezo 16 na kupoteza 31, kwa hiyo kuondoka kwake kulistahili kabisa, ila tarehe hiyo naona ni vigumu kuitetea.

Je, fedha hizo hununua ushindi? Watafiti E. Scott Adler, Michael Berry na David Doherty walichunguza timu za vyuo kati ya 1997 na 2010. Waligundua kwamba timu zilizokuwa dhaifu kabisa, zikibadili kocha, baadaye hucheza karibu sawa na dhaifu wenzao waliobaki na makocha wao. Timu za katikati, zile zinazoshinda takriban nusu ya michezo, zilipobadili zilifanya vibaya kuliko zilizovumilia. Sababu hazijifichi: kocha akiondoka, wachezaji waliomfuata huyumba, vijana waliokuwa wameahidi kujiunga hugeuza nia, na benchi zima la ufundi huanza upya. Mfano wa uvumilivu ni Virginia Tech, iliyombakisha kocha Frank Beamer baada ya msimu wa 1992 ambao timu ilishinda michezo miwili tu. Mwaka uliofuata ilishinda tisa, na msimu wa 1999 ikafika fainali ya taifa. Kuna watakaonitajia Indiana, iliyomwondoa Tom Allen baada ya ushindi wa michezo mitatu mwaka 2023, kisha ikashinda 11 mwaka 2024 chini ya Curt Cignetti. Mfano huo una nguvu, na siku hizi, wachezaji wanapohama vyuo kwa urahisi, kocha mpya anaweza kuja na timu yake. Cignetti alikuja na wachezaji kadhaa kutoka Chuo Kikuu cha James Madison. Basi mabadiliko huweza kufaulu. Hilo linazidisha haja ya mkataba unaoruhusu kubadilisha bila kufilisika.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni kwamba fedha za fidia hutoka kwa wafadhili, si kwa walipakodi. Lakini mfuko wa mfadhili ni uleule unaoombwa ufadhili masomo, viwanja na sasa malipo ya wanamichezo. Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake wote hadi kiasi maalum, kilichokuwa takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, na hapo kuna ukomo. Fidia ya makocha haina ukomo. Auburn iliahidi zaidi ya dola milioni 50 kwa makocha watatu, Gus Malzahn, Bryan Harsin na Hugh Freeze, iliowaondoa kati ya Desemba 2020 na Novemba 2025. Wengine husema bila dhamana nono hakuna kocha mzuri atakayekuja. Hata hivyo Franklin alisaini kifungu cha kutafuta kazi, akabaki Penn State miaka kadhaa. Vyuo hulainika kwa sababu vinahofia kuporwa kocha wiki hiyohiyo, na mawakala wanaijua hofu hiyo vizuri. LSU ilipomtimua kocha Brian Kelly Oktoba 26, 2025, ikiwa na deni la takriban dola milioni 54, mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri, Scott Woodward, naye aliondoka siku nne baadaye. Ndiye aliyemleta Fisher Texas A&M mwaka 2017. Mikataba yote miwili aliyowapa Fisher na Kelly ilikuwa ya miaka 10.