TAA ZINAWAKA LAKINI GARI HALIWAKI: TUFANYE NINI?

Hapa kambini Dzaleka magari si mengi, na usiku yanapungua zaidi. Mgonjwa akizidiwa baada ya giza kuingia, na gari la wagonjwa liko safarini, tunakimbilia kwa jirani mwenye gari dogo. Gari hilo likigoma, dakika zinazopotea ni za mgonjwa. Kwa hiyo leo tunaeleza tatizo moja tu: gari lenye umeme, taa zinawaka, redio inalia, lakini injini haiwaki.

Mimi si fundi. Ni mhamasishaji wa jamii. Haya nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa hapa kambini baada ya usiku ambao sitausahau.

Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi kali. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kujifungua, na ilibidi apelekwe hospitali ya wilaya, Dowa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka na mgonjwa mwingine. Jirani akajitolea gari lake. Akageuza ufunguo, taa zikawaka, injini kimya. "Betri ni nzima, si mnaona taa?" akasema. Basi tukaanza kusukuma, vijana kama kumi, mama akiwa ameketi ndani. Tulisukuma hadi tukaishiwa pumzi. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari lile lilikuwa la giri za automatiki, na gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa.

Mzee fundi alipofika na tochi yake alisema, "Wanangu, simameni kwanza. Lilipopigwa stata lililia namna gani?" Tukatazamana. Hakuna aliyesikiliza. Mzee akafungua boneti, akashika kichwa cha betri kwa vidole viwili, kikazunguka. Akakaza nati moja kwa spana, na gari likawaka mara moja.

Mama alijifungua alfajiri, yeye na mtoto wakiwa salama. Lakini tulipoteza karibu saa nzima kwa ajili ya nati moja. Mama mwingine asingeweza kuisubiri saa ile.

KWA NINI TAA ZIWAKE NA INJINI IKATAE?

Kosa letu lilikuwa kuamini taa. Taa kubwa mbili za mbele hutumia umeme wa kama ampea 10 tu. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, hutumia ampea 100 au zaidi kwa gari dogo la petroli, na ampea 200 au zaidi kwa gari kubwa la dizeli.

Fikiria tanki la maji lililobakiwa na maji kidogo chini. Kikombe utakijaza, lakini foleni ya madumu haitapata kitu. Betri iliyochoka iko hivyo: taa inaziwezesha, stata haiiwezi. Na hata betri ikiwa imejaa, kichwa chake kikilegea au kikishika kutu, ni kama bomba lililoziba: umeme mdogo unapenya, mkubwa unakwama.

Kwa hiyo kumbuka: taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ina nguvu.

SIKILIZA KWANZA

Zima redio na feni. Waombe watu wanyamaze. Washa taa kubwa, mtu mmoja asimame mbele kwa pembeni azitazame. Hakikisha breki ya mkono imevutwa na giri iko huru. Kisha geuza ufunguo mara moja tu, usikilize.

1. Tak-tak-tak-tak ya haraka. Betri imechoka, au vichwa vyake havikugusa vizuri. Taa nazo hufifia. Anza na vichwa vya betri, kisha fikiria kubusti.

2. Tak moja, kisha kimya. Ikiwa taa zimefifia sana au zimezimika, rudi kwenye betri na vichwa vyake. Angalia pia waya mnene unaotoka upande wa hasi kwenda kwenye chuma cha bodi na injini. Mwisho wake nao hulegea na kushika kutu. Ikiwa taa zimebaki na mwanga uleule, tatizo huwa mara nyingi ni stata yenyewe: shaba za ndani zimelika. Geuza ufunguo mara kadhaa, pengine itashika. Mtu mwingine anaweza kuigonga stata kidogo kwa mpini wa mti wakati ufunguo unageuzwa. Ikikubali, umepata safari moja tu. Kesho ipelekwe kwa fundi.

3. Kimya kabisa, na taa hazibadiliki. Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Kwa gari la automatiki, hakikisha mkono wa giri uko kwenye P. Ukikataa, jaribu kwenye N huku umekanyaga breki. Kwa gari la giri za mkono, kanyaga klachi mpaka chini, kwa kuwa mengine hayakubali bila hivyo. Angalia fyuzi. Ikiwa alama ya ufunguo inamulika kwenye dashibodi, gari halijautambua ufunguo wake; jaribu ufunguo wa pili.

4. Injini inazunguka polepole, kama inayopanda mlima. Betri ni dhaifu, au kuna kutu kwenye vichwa. Hali hii huonekana sana asubuhi za Juni na Julai, maana baridi hupunguza nguvu za betri na kufanya oili kuwa nzito. Usiendelee kupiga stata. Kila jaribio linakula nguvu iliyobaki.

5. Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Hapa usiisumbue betri, haina kosa. Injini imekosa mafuta, au imekosa moto. Kwanza, je, kuna mafuta? Usiiamini geji peke yake. Kwa gari la petroli la siku hizi, fungua ufunguo bila kupiga stata na usikilize upande wa tanki: pampu huvuma kwa sekunde mbili hivi. Usiposikia kitu, angalia fyuzi ya pampu. Ukisikia harufu kali ya petroli, pumzika dakika kumi kabla ya kujaribu tena. Kwa gari la dizeli, ngoja taa ya hita izimike kwanza, ndipo upige stata. Mtu atazame bomba la moshi: pakitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haishiki moto, pasipotoka moshi wowote, huenda dizeli haifiki. Gari la dizeli lililoishiwa mafuta huingiza upepo kwenye mabomba, na kuongeza dizeli peke yake hakutoshi. Ni lazima upepo utolewe, na magari mengi yana pampu ndogo ya mkono juu ya filta kwa kazi hiyo.

Katika hali zote, usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Pumzika dakika nzima kabla ya kurudia. Stata huungua kwa pupa ya dereva.

VICHWA VYA BETRI

Zima gari. Shika kila kichwa na ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikisogea, umekwisha kuona ugonjwa. Kwa magari mengi spana namba 10 inatosha kukaza. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua upande wa hasi (−) kwanza, halafu wa chanya (+). Mwagia maji ya uvuguvugu, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Paka grisi kidogo juu.

ONYO: Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiimulike kwa kibatari, mshumaa wala kiberiti, na asivute mtu sigara karibu. Tumia tochi. Maji ya betri ni asidi. Yakikugusa, osha mara moja kwa maji mengi, hasa machoni.

KUBUSTI

Busti kwa gari lenye volti sawa. Magari madogo hutumia volti 12, malori mengi makubwa volti 24. Usiunganishe lori la volti 24 na gari la volti 12, hata kama ndilo pekee lililo karibu. Utaharibu vifaa vya umeme na betri inaweza kulipuka.

Magari yasigusane. Fuata mpango huu:
(a) waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyochoka;
(b) mwisho wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima;
(c) waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima;
(d) mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri.
Washa gari zima, ngoja dakika tano, kisha piga stata. Likiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma, kuanzia (d) hadi (a).

KUSUKUMA

Gari la automatiki halisukumwi ili liwake. Gari la giri za mkono linaweza: ufunguo uwe umefunguliwa, giri namba 2, klachi chini, watu wasukume, na likishika mwendo dereva aachie klachi.

Lakini kabla ya hapo, mgonjwa ateremshwe. Watoto waondoke. Asikae mtu mbele ya gari. Dereva ajue kwamba injini ikiwa imezima breki na usukani huwa vizito. Kwenye mteremko ni hatari. Na asikubali mtu agusanishe stata kwa bisibisi. Giri ikiwa imeingia, gari litaruka na kumkanyaga.

LIKIISHA KUWAKA

Usilizime mpaka mgonjwa afike. Tazama taa ya betri kwenye dashibodi: isipozimika, gari halichaji, na safari inaweza kukatika njiani. Mwenye mita apime: injini ikiwaka iwe karibu volti 14, injini ikizimwa na betri ikipumzika, betri iliyojaa huonyesha kama 12.6, na ikionyesha 12.0 iko karibu kuisha.

TUNAWAOMBA

Wenye magari, shikeni vichwa vya betri kila juma; si kazi ya hata dakika mbili. Wekeni spana namba 10 na tochi ndani ya gari. Viongozi wa maeneo, jueni mapema ni magari yapi ya jirani ni ya automatiki na yapi ni ya mkono, na nani ana waya za kubusti. Nasi vijana, tuliozoea kuitwa kusukuma, kabla ya kuweka mikono kwenye gari tuulize alivyouliza mzee: lililia namna gani?

Bandikeni karatasi hii mahali panapoonekana, na mwenye kusoma amsomee asiyejua.