Mtoto Kwenda Ughaibuni Mwaka Mmoja Kusoma na Kujitolea: Mambo ya Kupimwa na Wazazi wa Kilwa na Visiwa Vyake

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.



Wazazi wa visiwani hutuuliza mara kwa mara: mtoto yuko sekondari, anajitahidi, na ameleta fomu ya kwenda Marekani mwaka mmoja, kukaa katika nyumba ya watu asiowajua, kusoma shule yao na kufanya kazi za kujitolea. Baba anaogopa dini ya mwanawe itapotea. Mama anaogopa kumnyima mtoto riziki aliyoandikiwa. Je, tumruhusu au tumkatalie?

Hatuwezi kumjibu kila mzazi kwa ndiyo au hapana, kwani kila nyumba ina hali yake. Tutaeleza mpango wenyewe ulivyo, wanachuoni walivyosema, na maandalizi yanayofaa, ili mzazi aamue kwa elimu na si kwa hofu wala kwa tamaa.

Mpango wenyewe ni upi?

Mpango unaojulikana zaidi kwa wanafunzi wa sekondari katika nchi zenye Waislamu wengi unaitwa Kennedy-Lugar Youth Exchange and Study, au kwa kifupi YES. Ulianzishwa na Bunge la Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na umepewa majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Gharama zake hulipwa na serikali ya Marekani. Tanzania, Bara na Zanzibar, imo katika nchi zilizoshiriki.

Mwanafunzi hukaa mwaka mmoja wa masomo, anaishi na familia inayompokea, na anasoma sekondari ya hapo. Nauli, bima ya afya na posho ndogo ya kila mwezi hulipwa na mpango. Familia inayompokea hujitolea bila kulipwa ujira. Naye mwanafunzi ana wajibu wa aina mbili: kuwaeleza wenyeji kuhusu nchi yake, dini yake na mila zake, na kufanya kazi za kujitolea katika jamii anayoishi. Mwaka ukiisha hurudi nyumbani, na viza yake humtaka akae kwao miaka miwili kabla ya kuomba uhamiaji wa kudumu. Basi anayemtuma mwanawe kwa nia ya kumfanya abaki huko, ajue tangu mwanzo kwamba amekosea mlango, na kwamba kuvunja ahadi aliyoisaini si katika tabia ya Muislamu.

Bajeti na masharti ya viza hubadilika mwaka hadi mwaka. Kabla mtoto hajajaza chochote, ulizeni Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kama nafasi za mwaka huo zipo. Na jambo hili mlishike sana: maombi ya mpango huu hayalipiwi. Atakayewaambia mtoe pesa ili jina la mtoto lipite, huyo ni tapeli.

Je, kisheria inajuzu?

Kusafiri kutafuta elimu yenye manufaa si jambo geni katika Uislamu. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.), akiwa bado kijana mdogo, ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi tu. Waislamu wa mwanzo waliishi Uhabeshi chini ya mfalme Mnasara, na Ja'far bin Abi Talib (R.A.) akasimama mbele yake akaeleza dini yake kwa adabu na kwa ushujaa. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu kwake ni mcha Mungu zaidi.

Lakini wanachuoni wameweka masharti kwa anayekwenda kukaa katika nchi isiyo ya Kiislamu: aweze kuidhihirisha dini yake, awe na elimu ya kumkinga na shaka, na awe na uchamungu wa kumkinga na matamanio. Kijana asiyeswali hapa Kilwa, ambako adhana inamfikia kitandani, hatarajiwi kuswali mahali ambapo hakuna wa kumwamsha. Huyo asitumwe.

Na binti je?

Hapa kuna khilafu, nasi hatutaificha. Zimepokewa hadithi sahihi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila ya mahram. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, wameruhusu atoke kwa Hijja ya faradhi akiwa na wanawake waaminifu. Ama safari isiyo ya faradhi, Imam Nawawi ametaja kwamba baadhi ya wanachuoni wa madhehebu waliiruhusu pia kwa sharti hilo, lakini wengi wao waliikataa, na hiyo ndiyo kauli aliyoipa nguvu. Katika zama zetu wako wanachuoni, wakiwemo wa Dar al-Ifta ya Misri, walioona kwamba sababu ya katazo ni hofu ya njiani, na kwamba safari ikiwa ya amani inajuzu.

Sisi tunawanasihi wazazi wa binti wachukue tahadhari zaidi. Tatizo si ndege peke yake, bali ni mwaka mzima ndani ya nyumba yenye wanaume wasio mahram zake. Mwenye kushika kauli ya wengi katika madhehebu na kumzuia, asilaumiwe. Mwenye kushika kauli ya pili, asiishie kwenye usalama wa safari: aulize nani anaishi katika nyumba hiyo, binti atakuwa na chumba chake chenye kufungwa, na je, inawezekana apokewe na familia ya Kiislamu. Na atakayemkatalia binti safari asimkatalie elimu. Amtafutie mlango mwingine ulio karibu.

Swala, funga na chakula

Mwenye nia ya kukaa mwaka mzima si msafiri tena kisheria akishafika. Kwa madhehebu ya Shafi'i, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali swala kamili wala hapunguzi. Vijana wengi hudhani watapunguza rakaa mwaka mzima. Wafahamishwe kabla hawajaondoka.

Kwetu Kilwa tunaelekea kaskazini tunaposwali, hata neno kibla katika Kiswahili cha mabaharia lina maana ya kaskazini. Kwa sehemu kubwa ya Marekani, kibla ni kaskazini mashariki. Tena kwetu Maghrib haibadiliki sana mwaka mzima. Huko, katika majimbo ya kaskazini, siku za baridi jua huweza kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Adhuhuri na Alasiri zote zikaangukia saa za shule au za njiani. Shule za serikali za Marekani haziruhusiwi kumzuia mwanafunzi kuswali kwa hiari yake wakati wa mapumziko, na binti ana haki ya kuvaa hijabu. Kinachotakiwa ni mtoto kusema mapema kwa adabu, asisubiri mpaka wakati umtoke.

Kwenye chakula, nguruwe na pombe hayana mjadala. Nyama ya waliopewa Kitabu ina maelezo marefu na khilafu, hasa kwa machinjio ya kisasa. Mtoto wa pwani ana njia nyepesi: samaki, mayai, mboga, maharage na wali. Ajifunze pia kusoma maandishi ya pakiti, kwani mafuta na jelatini ya nguruwe huingia hata katika peremende.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: nyumba nyingi za Marekani hufuga mbwa ndani. Kwa madhehebu yetu, kilichoguswa na mbwa kwa umajimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mzazi aandike katika fomu kwamba anaomba nyumba isiyo na mbwa. Ni rahisi kuomba kabla kuliko kugombana baadaye.

Kujitolea pamoja na wasio Waislamu

Wako wanaouliza: vipi mtoto wetu awahudumie wasiokuwa Waislamu? Tunasema, hilo ni jema likiwa kazi yenyewe ni halali. Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria mkataba wa Hilful Fudhul wa kumtetea aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa kwenye mfano wake angeitikia. Katika Suratul Insan wanasifiwa wanaomlisha masikini, yatima na mateka, na wafasiri wametaja kwamba mateka wa wakati ule walikuwa washirikina. Zaka ina watu wake maalumu, lakini sadaka na huduma ni pana.

Mpaka uko hapa: asisaidie ibada isiyo ya Kiislamu, wala asipike au kugawa kilichoharamishwa. Akipangiwa jiko lenye nyama ya nguruwe, aombe kupanga vitabu, kufundisha watoto au kusafisha ufukwe. Akiomba kwa upole atasikilizwa, na maelezo yake yatakuwa sehemu ya kuitambulisha dini.

Kazi ianzie nyumbani

Mtoto asiyewahi kujitolea kijijini kwake ataeleza nini huko? Wala Kilwa haijakosa pa kuanzia.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula fukwe. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo baada ya kazi ya ukarabati, ambayo wanakijiji walishiriki. Vijana wa sekondari wanaweza, kwa ruhusa ya wasimamizi, kufyeka vichaka, kuokota taka na kujifunza historia ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa hata waweze kumweleza mgeni bila kubabaisha.

Kuna mikoko vilevile. Pwani yetu, pamoja na Rufiji na Mafia, imetambuliwa tangu mwaka 2004 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mbegu za mkoko huchomekwa moja kwa moja kwenye tope maji yakitoka, nayo miti ikikua huzuia mmomonyoko na kuwa makazi ya samaki wachanga na kaa. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, hiyo ni sadaka yake.

Ukarimu nao ni urithi wetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na wema. Akasimulia kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa, alisimamishwa njiani baada ya swala ya Ijumaa na fakiri kutoka Yemen aliyeomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mtoto wa Kisiwani akiulizwa kule kwao kujitolea ni nini, ana cha kusimulia.

Tunashauri kila kijana awe na daftari: tarehe, kazi aliyofanya, saa alizotumia, na jina la mwalimu au mzee aliyesimamia. Litamsaidia kwenye fomu na kwenye usaili. Lakini asafishe nia yake, kwani amali inayofanywa ili iandikwe tu haina uzito mbele ya Allah.

Masomo yasipotee

Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni. Wetu huanza Januari, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kwa hiyo mtoto atakatisha mwaka na huenda akarudi nyuma darasa moja. Mzazi aonane na mkuu wa shule kabla ya kusaini, nafasi ya mtoto ihifadhiwe kwa maandishi, na ijulikane ataendelea na kidato gani akirudi.

Kabla ya kusaini

Kwa kufupisha, mzazi aulize haya:

1. Nani wanaishi katika nyumba itakayompokea? Kanuni za Marekani zinataka familia itembelewe, na watu wazima wote wa nyumba hiyo wachunguzwe rekodi zao za jinai.
2. Nani msimamizi wa karibu wa mtoto? Anatakiwa kuwasiliana naye kila mwezi.
3. Msikiti wa karibu uko umbali gani, na Ijumaa ataruhusiwa?
4. Ikitokea haelewani na familia, atahamishwa kwa utaratibu gani?
5. Mtoto mwenyewe anataka, au anasukumwa na sisi?

Kisha wazazi na mtoto waswali Istikhara, kila mmoja peke yake, na wakae pamoja waambiane ukweli. Ikiwa ni kwenda, aende na dua na mawasiliano ya mara kwa mara. Ikiwa ni kubaki, mikoko na magofu vipo, na jirani mwenye shida hakosekani. Mlango wa kheri haufungwi kwa kukosa viza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu popote walipo, awafanye ni wenye manufaa kwa watu, na awarejeshe salama wakiwa na dini yao na elimu yao. Aamiin.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.