Ufugaji wa mbuzi haufundishwi ukumbini

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka nikueleze jinsi nilivyomuua mbuzi wangu mwenyewe, huku nia yangu ikiwa ni kumponya.

Ilikuwa wakati wa mvua. Mimi ni mkazi wa Mpanda, na kama wakazi wengi wa mji huu nina kishamba nje kidogo ya mji. Huko nilikuwa na mbuzi 11. Mmoja wao, jike aliyetarajiwa kuzaa, alianza kukonda na kubaki nyuma wenzake wanapokwenda malishoni. Nikajua kwamba ni minyoo, na hapo sikukosea. Nilinunua dawa dukani, nikasoma maandishi ya chupa, nikampanua mdomo, nikamwinua kichwa kuelekea juu kama mtu anywaye togwa katika kibuyu, nikammiminia. Akakohoa mara mbili. Siku ya tatu alikuwa amekufa.

Bwana Mifugo alipompasua alinionyesha mapafu. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Mzee, huyu hakufa kwa minyoo. Umemzamisha. Dawa imeingia huku badala ya kwenda tumboni."

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina ya ufugaji bora. Tulikaa ukumbini siku nzima, tukaandika madaftari yakajaa, tukanywa soda, tukapewa na cheti. Katika daftari langu imo aina ya dawa, kimo kipimo chake, na hata jina la mnyoo limo. Lakini hakuna mtu aliyenionyesha namna ya kushika kichwa cha mbuzi, wala mimi sikuuliza, kwa kuwa mle ukumbini hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

Ndiyo maana nilipoalikwa kwenda katika kijiji kimoja upande wa Nsimbo, ambako wafugaji walikusanyika Jumamosi na Jumapili kujifunza wakiwa bandani, nilikwenda mara moja. Leo napenda kukueleza mafunzo ya namna hiyo yanavyokwenda, na kwa nini naona yanafaa katika mkoa wetu wa Katavi.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni 2 walikutana katika vikundi wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, halafu wakitoka nje kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Mwaka 1989 huko Indonesia wakulima wa mpunga walianza kukutana shambani kila wiki kuchunguza wadudu kwa macho yao wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mtindo huo ulienea hadi Afrika Mashariki, nasi tukauita shamba darasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenzetu wa Kenya waliujaribu kwa wafugaji pia. Msingi wake ni mmoja: mwanafunzi hushika kitu chenyewe, na mwalimu husimama kando.

Sasa nikueleze siku zetu mbili. Jumamosi tulianza saa tatu asubuhi, baada ya watu kuteka maji na kumaliza kazi za nyumbani. Tulikuwa watu 18. Kila mmoja alitakiwa kumkamata mbuzi wake, na hapo kicheko kikatutoa uoga. Kazi ya kwanza ilikuwa kutambua umri. Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu. Yale ya chini ni 8. Akifikisha mwaka mmoja na kidogo, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa. Akiwa na makubwa manne, amekaribia miaka 2. Sita, miaka 3. Yote manane, miaka 4. Jambo hili ni dogo, lakini linakuokoa mnadani usiuziwe mbuzi kikongwe kwa bei ya mtamba.

Kazi ya pili ilikuwa uzito. Kila mtu alikadiria uzito wa mbuzi mmoja, kisha tukamweka katika gunia na kumning'iniza kwenye mizani ile ile ya kupimia mahindi. Mimi nilisema kilo 20, mizani ikasema 28. Maana yake ni kwamba miaka yote nimekuwa nikiwapa mbuzi wangu dawa pungufu. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuacha ile sugu, nayo ndiyo inayozaliana. Tukifanya hivyo misimu michache, tunajifugia minyoo isiyosikia dawa.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Mnyoo anayesumbua mbuzi wetu wakati wa mvua hunyonya damu tumboni. Minyoo 5,000 inaweza kunyonya karibu robo lita kwa siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika hata lita mbili. Basi damu ikipungua, ndani ya kope la chini la jicho hupauka. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza katika miaka ya 1990 kadi yenye rangi tano, iitwayo FAMACHA, ya kulinganisha na rangi ya kope hilo. Namba 1 ni nyekundu ya afya, namba 5 ni nyeupe ya hatari. Kwa mbuzi, ukifika namba 3 ni busara kutibu, na 4 na 5 usingoje. Wenye namba 1 na 2 waache, ili dawa isizoeleke na fedha zisipotee bure.

Tulipanga foleni tukafunua kope za mbuzi mmoja mmoja. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alitazama mbuzi wa tatu akasema, "Huyu kama karatasi." Kadi ikampa haki: namba 5. Mama huyo hakuwa amewahi kuhudhuria semina yoyote, lakini kuanzia saa ile alikuwa na kipimo ambacho mimi mwenye cheti sikuwa nacho.

Kisha tukajifunza kunywesha dawa, kwanza kwa maji safi. Mbuzi asimame, mgongo wake uegemee ukuta au miguu yako. Kichwa kiwe sawa, pua isipande juu ya usawa wa macho. Ingiza bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, pembeni mwa mdomo mahali pasipo meno, juu ya ulimi, usukume polepole na kumwacha ameze. Akikohoa, acha mara moja. Nilifanya mara nne, na mara ya nne nilimkumbuka yule jike wangu. Tulionywa pia kwamba zipo dawa za minyoo zisizofaa kwa mbuzi mwenye mimba changa. Jambo hilo humuulizi muuza duka tu. Unamuuliza Bwana Mifugo.

Jumapili tulikutana mchana, baada ya watu kutoka ibadani. Siku hiyo ilikuwa ya kwato, banda na uzazi. Kwato zilizozidi urefu hukatwa kidogo kidogo kwa kisu kikali hadi ionekane rangi ya waridi. Hapo unasimama, maana hatua inayofuata ni damu. Kuhusu banda, tulipanda juu ya kichanja cha mwenyeji wetu. Sakafu yake ni ya fito, imeinuliwa kutoka ardhini, na nafasi kati ya fito ni kama upana wa kidole, sentimita moja na nusu hivi. Kinyesi kinapita, mguu wa mbuzi haupiti. Kwa njia hiyo mbuzi halali juu ya mkojo wake, na wewe unapata mbolea ya bustani. Huku kwetu, jirani na Hifadhi ya Katavi, kuta nazo zinapaswa kuwa imara, kwa sababu fisi na chui hawahitaji mwaliko.

Juu ya uzazi, mwalimu wetu alitumia gunia lililotobolewa na mwanambuzi wa matambara ndani yake. Kila mmoja alifumba macho, akaingiza mkono na kueleza anachogusa. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi. Mtoto anayekuja vyema hutanguliza miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukigusa mguu mmoja na kichwa, mwingine umekunjwa nyuma. Mama akisukuma kwa nguvu hadi saa nzima bila mtoto kuonekana, tafuta msaada. Mtoto akizaliwa, kitovu kipakwe aidini, naye anyonye dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, mapema, kabla ya saa sita kupita. Wa kilo 2 apate kiasi cha mililita 200 katika siku ya kwanza. Ni kama glasi moja ya chai. Dang'a ndiyo kinga yake, na haipatikani dukani.

Naomba nisieleweke vibaya. Mikono peke yake haitoshi. Yapo magonjwa ambayo hayamwogopi mfugaji hodari, nayo ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, na homa ya mapafu ya mbuzi. Hayo dawa yake ni chanjo kabla hayajafika, na chanjo ni kazi ya mtaalamu. Lakini mfugaji aliyezoea kuwashika mbuzi wake huona kamasi na kuharisha siku ya kwanza, akamwita mtaalamu wakati bado kuna cha kuokoa.

Sasa nizungumzie nani aalikwe. Semina nyingi humwalika mwenye mbuzi, naye ni baba. Lakini anayefungua banda asubuhi ni mama, na anayechunga ni mtoto. Mwisho wa juma una faida hii, kwamba watoto hawako shuleni na watumishi hawako kazini. Pale Nsimbo kijana wa miaka 12 alikuwa hodari kuliko sisi sote katika kukata kwato, na baba yake alikaa chini akifundishwa na mwanawe. Tena mkoa wetu ni wa watu mchanganyiko: wenyeji wa hapa, Wafipa, Wasukuma waliokuja na mifugo yao, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo waliotoka Burundi tangu mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kila mmoja ana ujuzi wa kwao. Ukumbini ujuzi huo hunyamaza, kwa sababu anayesema ni mmoja. Bandani husema.

Ipo na hoja ya majira. Toka Novemba hadi Aprili watu wako mashambani kwenye mahindi, mpunga na tumbaku. Wakati mzuri wa mafunzo ni kiangazi, baada ya mavuno. Lakini minyoo hushambulia wakati wa mvua. Kwa hiyo ni vyema kikundi kikutane tena mara moja mvua zinapoanza, hata kwa nusu siku, kila mtu na mbuzi wake, tufunue kope pamoja. Siku mbili hufungua mlango tu. Kuingia ndani kunataka kurudia.

Gharama zake si za kutisha. Panahitajika mwenyeji mwenye banda, mizani ya kuazima, kisu, kadi ya rangi, na Bwana Mifugo aliye tayari kuchafuka. Chakula kila mtu achangie unga. Kuhusu posho, nasema wazi: anayekuja kwa ajili ya posho ataondoka na posho. Mkoa huu una Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msaginya, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 ili mtu mzima ajifunze kwa kutenda. Viongozi wa vijiji wanaweza kwenda kugonga mlango huo.

Kwa familia nyingi za Mpanda mbuzi ndiye benki. Ndiye sare ya mtoto anapokwenda sekondari, na ndiye nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Akifa mbuzi, lipo jambo la binadamu linalosimama. Yule jike wangu alikuwa ada ya binti yangu ya muhula uliofuata, na nililazimika kukopa.

Wazee wetu walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Watu wa Inyonga wanaorina asali wanajua vizuri uzito wa maneno hayo. Cheti changu cha semina bado kimetundikwa ukutani. Lakini msimu wa mvua uliopita niliwafunua kope mbuzi wangu kila baada ya wiki mbili, niliwanywesha dawa watatu tu, na hakufa hata mmoja.

Jioni ya leo, ndugu msikilizaji, kabla hujafunga banda, mshike mbuzi wako mmoja na umfunue kope la chini. Hadi wiki ijayo, kwaherini.